Siku Mashine Ilipolia Kwenye Mahame ya Mama

Nacheka mwenyewe nikikumbuka, ila aibu ile haijaniisha, maana hata leo nikipita sokoni Ifakara wapo wanaoniita "Mzee Piii", na mimi naitika, nifanyeje.

Mama yetu alikuwa na chungu kidogo cha rupia za fedha, zile za enzi ya Mjerumani, aliachiwa na bibi yake, na tulipohamishwa kutoka mashambani kuja Idete kijijini alikifukia huko tulikotoka, karibu na mndimu wake, akafa bila kutuonyesha mahali penyewe (mama alikuwa msiri, hata chumvi alikuwa anaificha). Nyumba ilishaanguka, mahame yale yalibaki na mndimu tu, na dada yangu Felista kila mwaka anakwenda kuchuma, anasema ndimu za sokoni hazina mkono wa mama. Mimi sikutaka utajiri, nasema kweli, nilitaka kushika kitu alichokishika yeye.

Basi nikamleta fundi mmoja wa Ifakara mwenye mashine ya kutafutia vyuma ardhini. Watu wakajaa. Akanivua mkanda, funguo na kisu, akapitisha mashine yake mahame yote, kimya. Ningekubali, yangeishia hapo. Lakini wapi!

"Lete huku, fundi," nikamwambia. "Mali ya mama haiwezi kumjibu mgeni."

Nikaishika. Piiii! Nikasogea kidogo, piiii! Felista akajishika kifua.

"Mdogo wangu, mama anakuita!"

Jamani, nililia. Nikawaambia watu chimbeni hapa, na hapa, na pale, maana kila nilipokanyaga palilia, tukauzunguka mndimu wote, mizizi tunakata kwa shoka, fundi anasema mzee subiri kwanza, na nani wa kumsikiliza fundi wakati mama anaongea? Mpaka mndimu ukalala chini na ndimu zake mbichi.

Nikavua viatu ili niingie shimoni na mashine. Kimya. Nikapeleka kushoto, kulia, kimya. Fundi akaichukua, akaielekeza ukingoni kwenye makatambuga yangu ya tairi (nilikuwa nimetoka kuyapigilia misumari mipya).

Piiii!

Kicheko kilichopanda pale sijawahi kukisikia hata harusini. "Mzee, kumbe rupia unatembea nazo tangu asubuhi!" akasema jirani mmoja, amejishika mbavu.

Felista peke yake hakucheka. Aliokota ndimu moja, akaifuta udongo kwa kanga, akaniuliza taratibu, "Kwa hiyo hakuwa mama?"

Nikatoka shimoni, nikaanza kufukia.

Nimeapa mashine ile siishiki tena, na ninyi mkiambiwa vueni vyuma, vueni na viatu. Mche wa mndimu nimepanda mwingine, Felista anakwenda kuumwagilia, hajanilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma. Ila niwaambie la moyoni: kabla sijavua yale makatambuga, kwa kitambo kile kifupi, nilikuwa mtoto anayeitwa na mama yake arudi nyumbani. Watu wanamcheka mzee yule. Mimi namwonea wivu.