Pampu ya Makaburini

Asubuhi ile pampu ya makaburini haikuzimwa. Kaka yangu Rojali aliiwasha kila siku baada ya sala ya alfajiri, akaiacha ivute maji ya bahari yaliyopenya uani, na uwanja ukikauka akaizima. Ikinyamaza ndipo mimi nilipoanza kuwapakulia wateja wali wa nazi. Siku hiyo niliwapakulia hadi chungu kikaonyesha chini, na bado ilinguruma, kwa sauti kavu ya mashine inayovuta hewa.

Haji Sapri, imamu wetu, akaja akasimama mlangoni. Kwa kawaida hanipiti bila kunitania kwamba pilipili yangu inawatoa watu machozi kuliko hotuba zake. Siku hiyo hakutania.

"Saroh, zima jiko kwanza," alisema.

Nikalizima.

"Tumemkuta Rojali ameegemea ukuta wa kaburi la walii, miguu kwenye tope. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Daktari wa zahanati anasema ni moyo."

"Mbona pampu bado inalia?"

"Hakuna aliyethubutu kuigusa. Mkono wake ulikuwa umeielekea."

Rojali alirithi ufunguo wa kaburi la walii kutoka kwa baba yetu, Mzee Naiman. Watu wanaokuja kuiona Jakarta ya kale hupanda kwanza mnara wa bandari, wakapita kwenye maghala ya viungo ya Waholanzi, wakapiga picha gatini, kisha wenye dini miongoni mwao wakamalizia kwetu. Yeye aliwafungulia, akawachotea maji ya mtungi, akawaombea dua.

"Mmeshapanda mnara?" aliwauliza.

"Tumepanda, Bang," walijibu, wakimwita kaka kwa lugha yetu. "Kumbe umeinama kweli."

"Unatuchungulia. Unataka kuona nani atazama kwanza, wenyewe au sisi."

Wageni walicheka. Yeye aliendelea kuufuta ukuta kwa kitambaa.

Tulipokuwa wadogo, mtu alipanda ngazi kuingia pale kwa walii. Sasa anashuka. Ardhi ya mtaa wetu inadidimia, barabara huinuliwa kila baada ya mafuriko, na ukuta mkubwa wa bahari umesimama nyuma ya nyumba zetu, maji upande wa pili yakiwa juu kuliko vitanda vyetu. Makaburi nayo tunayainua. Tunang'oa mawe, tunamwaga udongo mpya, tunayarudisha mawe juu. Na kwa kuwa nafasi hakuna, ndugu hulazwa juu ya ndugu.

"Nikifa mnilaze juu ya Baba," Rojali aliniambia mara nyingi. Kwake hilo lilikuwa kubwa kuliko chakula. Mkewe alishatangulia, mtoto hawakujaaliwa. Kila Alhamisi alikaa kwenye jiwe la Baba akamsomea Yasini.

Nilimsihi ahamie kwa binti yangu, kule mji wa Depok, kwenye ardhi ya juu.

"Nani atafungua mlango?"

"Walii hana haja ya mlinzi, Bang."

"Walii hana. Pampu inayo."

Mwezi wake wa mwisho ukuta wa kaburi ulianza kutoa jasho la chumvi. Akiufuta, kabla hajakamua kitambaa umeshalowa tena. Siku moja nilikuta visamaki kwenye nyufa za vigae.

"Wageni hao," alisema. "Hata salamu hawajui." Kisha akaweka kiganja ukutani, akakiacha pale muda mrefu, kama anayempima mtoto homa. Nilimuuliza anasikia nini. Akakamua kitambaa, akaanza kufuta tena.

Siku ya msiba mwezi ulikuwa mpevu, na mwezi ukiwa mpevu bahari huja mchana. Ilibidi tuzike kabla haijaja. Wanaume walimwosha, wakamkafini, akasaliwa adhuhuri. Obih mchimba kaburi alishaanza kazi kwenye jiwe la Baba, pampu ikinguruma kando yake. Kisha jembe likanyamaza, naye akatoka shimoni na tope hadi kifuani.

"Mpok, dada yangu, hamna mtu humu."

"Unasemaje?"

"Hamna ubao, hamna mfupa. Nimegonga vigae. Hii ni ile njia ya zamani ya kuingilia kwa walii."

Haji Sapri akainama, akatazama, akavuta pumzi. "Yale mafuriko makubwa," alisema. "Mawe yote yalianguka yakachanganyika topeni. Rojali na wazee waliyasimamisha tena kwa kukumbuka tu."

"Basi Baba yuko wapi?"

"Yumo uani humu, Saroh. Upande gani, Mungu ndiye ajuaye."

Ina maana miaka yote hiyo kaka yangu alisoma Yasini juu ya njia ya kupitia watu. Obih aliuliza kama ajaribu pengine. Nilitazama ukuta wa bahari. Maji yalikuwa yameanza kuchuruzika chini ya ukuta, meusi, bila sauti, nasi hatukujua hata tuanzie kutafuta wapi.

"Dua alizosoma hapa zilimfikia Baba," alisema Haji. "Malaika hawaongozwi na mawe."

"Vunja vigae," nilimwambia Obih. "Mlazeni hapa alipokuwa akikaa."

Akavunja. Maji yakapanda kutoka chini, wakayachota kwa ndoo huku pampu ikivuta. Wanaume watatu wakashuka wakampokea, wakamlaza kwa ubavu wa kulia, uso kibla, shavu likigusa udongo uliolowa. Haji Sapri akamwadhinia sikioni, kama ilivyo desturi yetu. Wakaegesha mbao, wakafukia upesi, wakasimamisha jiwe la Baba na kibao kipya cha mbao kando yake. Nikamwaga maji ya waridi na maua. Tukasoma talkini, tukaitikia amina, watu wakatawanyika wakishika viatu mkononi, kwa kuwa njia ilishafunikwa.

Nilibaki na Haji mpaka udongo ulipotulia. Kisha nikazima pampu, ambayo tangu alfajiri hakuna aliyethubutu kuigusa, nikafunga mlango, nikamkabidhi Haji ufunguo wa kaka yangu.