Mikono Miwili ya Kumwamkia Shangazi

Kwa kupanga nyimbo za gemu za mdundo, Dodoma nzima simwoni wa kunishinda, na hata baada ya aibu ya Jumamosi sibadili kauli. Nilirekodi muheme, ngoma ya akina mama wa Kigogo, akiipiga shangazi yangu wa Buigiri. Nikapanga alama zishuke kwenye skrini, mchezaji abonyeze moja kwa kila pigo. Ngoma inapochanganya, nilizimwaga bila huruma. Wakati wa kupanga huwa naiacha kompyuta ijichezee yenyewe, nikague kama kila alama imekaa mahali pake.

Nikaibeba mpaka banda la gemu.

"Kaka, hii haichezeki," alisema Juma, mwenye banda, alipoona alama zilivyosongamana.

"Kaa utazame."

Nikashika pedi ya kubonyezea, nikaanza; sikukosa hata alama moja. Mwanzoni nilishangaa, baadaye nikaona ndiyo kawaida yangu. Jasho linanitoka, ulimi nje, nikawatolea vijana mhadhara: "Siri ni kulegeza viganja!"

Mara akaingia Shangazi, niliyemwalika aje asikie ngoma yake. Nikaweka pedi mezani, nikasimama, nikampa mikono yote miwili.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Nyuma yangu muheme ulikuwa umechanganya kwelikweli, na skrini inaandika: safi, safi, safi.

Shangazi akaitazama skrini, akaitazama pedi pale mezani, akanigeukia.

"Sasa jasho lote hili ni la kazi gani?"