Madam wa Video kwa Stoo ya Pamba

Yule madam wa kufundisha wafanyakazi alifika stoo ya pamba ya Tawa na kamera, televisheni na betri ya lori, na Kivuva wa mizani akaona sinema imeletwa mpaka mlangoni. Akishindwa mafunzo, mizani inapewa mtu mwingine, lakini Kivuva kushindwa? Wapi! Madam alimpiga picha akipima, kisha akapuliza kanda kama uji wa mtoto, akapanguza kioo na ncha ya leso, akakaa nyuma. Hakuwa mtu wa kugombeza. Alikuwa na neno moja tu, la sauti ndogo: "Tena." Kidole kinabonyeza, kanda inarudi.

"Mimi sigusi gunia, madam, uliza mtu yeyote!"

"Tena."

Hapo kwa kioo, Kivuva alikuwa ameshikilia gunia la mkulima kutoka chini ndio lisiyumbe, na kilo zinapungua.

"Kivuva, huo mkono ni wa bibi yako?" wenzake wakapasuka.

Madam hakucheka. Alifuta hiyo kanda yote mbele ya Kivuva, akabeba kamera begani. "Sasa pima."

Kivuva akapima gunia sita, mikono nyuma kama askari wa paredi, akipiga kelele: "Shika vizuri, madam! Hii utaenda kufundishia Kitui nzima!"