Swali Chini ya Benchi

Kabla ya kuuliza swali, Directrice, mkuu wa shule yetu, hufuta chaki vidoleni kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, hata kama hakuandika kitu. Hapandishi sauti kamwe. Kwa watoto wanaotaka kuingia darasa lake la wenye akili ana sharti moja: anayeacha benchi kabla ya kujibu ameanguka mtihani.

Siku ya mtihani ilibaki nafasi moja. Wazazi tulibanana dirishani, mimi nikimkodolea macho Bintu, mtoto wa marehemu dada yangu, aliyekimbia vita toka Kalehe. Alikuwa amefungua mdomo ajibu, risasi zikalia upande wa ziwa. Watoto wa Nyalukemba, mtaa wetu, walioizoea milio hiyo, waligeuza shingo tu. Bintu alikuwa tayari chini ya benchi, mikono kichwani.

“Ule amesha anguka,” papa mmoja, baba wa mtoto mwingine, akasema karibu na sikio langu.

Directrice akafuta vidole, kidole kimoja kimoja. Kisha akakusanya kitenge chake, akapiga magoti, akaingia chini ya benchi.

“Bon, sawa. Ulikuwa unaniambia nini, maman?” akamuuliza mtoto kwa upole.

Bintu akanong’ona.

“Sema kwa nguvu,” Directrice akamwambia. “Papa wa ku dirisha asikie.”