Nani Anamaliza Betri za Abu Turki?

Laban Barasa hakuwa mtu wa kuamini watu. Katika chumba walichopanga Wakenya watano kule Bani Malik, Jeddah, alipiga mstari wa kalamu kwenye chupa yake ya maziwa kila alipomaliza kumimina, na mstari ukipishana na maziwa hata kwa upana wa ukucha, siku hiyo humo ndani hakukaliki. Wenzake walimbandika jina la Askari Kanzu. Tusimcheke sana. Wakala wa kwanza aliyemwahidi kazi Saudia alitoweka na pasipoti yake, na tangu hapo Laban aliapa kwamba hatachezewa shere mara ya pili.

Kazi yake ilikuwa umeme wa magari, na hapo hata aliyemchukia hakupata la kusema. Alijifunza katika gereji ya malori huko Webuye, akashika bisibisi kabla hajaota ndevu. Kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini, mzee wa Riyadh aitwaye Abu Turki, alimwachia magari yake yote pamoja na karavani, ile nyumba ya magurudumu inayovutwa na gari, yenye vitanda, jiko, friji na taa. Majira ya baridi familia ya mzee huenda nayo jangwani kupiga kambi. Siku zilizobaki ilikaa kwenye ua wa mzee nje kidogo ya Jeddah, imechomekwa kwenye umeme wa ukutani ili betri zake zijae.

Betri hazikujaa. Mwezi wa kumi na moja familia ilitoka nayo, na kabla chakula cha jioni hakijaiva taa zikafifia, friji ikanyamaza, na mama mzazi wa Abu Turki, bibi wa miaka themanini na kitu, akabaki kupapasa viatu vyake gizani mbele ya wajukuu. Mzee aliona aibu kubwa. Akanunua betri mbili mpya kabisa. Safari iliyofuata mambo yakawa yale yale.

"Laban," mzee alimwambia kwenye simu, kwa Kiarabu chake cha polepole anachowasemesha wafanyakazi, "kama ni kifaa, nitajie kifaa. Kama ni mtu, nitajie mtu. Kabla ya safari ya tatu."

Laban akaingia kazini. Alikagua fyuzi moja moja. Alisugua vichwa vya betri hadi vikang'aa, akafuata kila waya kwa vidole kutoka mbele hadi nyuma. Chaja ilikuwa inatoa volti kumi na tatu nukta nane, safi. Taa zote ziliwaka. Hata hivyo kila asubuhi alipochomoa umeme wa ukutani na kupima betri zenyewe, mita ilimwonyesha kumi na mbili na vichele, na kila siku vichele vikipungua. Alipima tena na tena, akihisi kuna mtu anamcheka kisogoni.

Na mtu alikuwapo mmoja tu. Hashim Faki, Mpemba wa Wete, mlinzi wa ule ua, aliyekuwa na kijumba chake kando ya geti. Alikuwa mtaratibu, salamu zake ndefu, sauti yake ya chini, na kwa Laban hayo yote yalikuwa ushahidi. Mtu mwema hivyo anaficha nini? Isitoshe, Hashim alikuwa anajiandaa kwenda likizo ya kwanza baada ya miaka minne. Binti yake alikuwa anaolewa, naye alitaka kumwozesha kwa mkono wake mwenyewe, si kwa kuwakilishwa na ndugu. Masanduku yake mawili yalikuwa tayari yamefungwa kamba. Laban aliyatazama yale masanduku akajiuliza yamebeba nini.

Jioni moja, kabla hajarudi Bani Malik, Laban alinyunyiza poda ya mtoto sakafuni mwa karavani, nyembamba, mtu asiyeitafuta haioni. Asubuhi akakuta nyayo za kandambili zikiingia hadi kwenye kochi na kutoka. Moyo ulimruka kwa furaha, na furaha hiyo haikuwa nzuri.

"Hashim, ulikuwa unafanya nini huku ndani?" alimuuliza. "Na usiniambie ulikuwa unafagia."

Hashim aliinamisha kichwa. "N'naingia kuzungumza na mama, fundi. Kwa simu. Pale penye pazia. Chumbani kwangu ukuta umebanduka rangi, akiuona huwa analia. Hapa anaona nakaa pahala pazuri. Basi."

"Na simu unachaji wapi?"

"Kwangu. Wallahi sijagusa umeme wa humu."

"Friji je? Feni?"

"Mie? Feni ya nini na baridi hii?"

Jibu lilikuwa na akili, na ndiyo sababu Laban hakulipenda. Mwizi mwenye majibu ya haraka ndiye mwizi hasa, alijiambia. Akatoka hadi nje ya geti akampigia Abu Turki. Alimweleza habari ya poda na nyayo. Habari ya mama na pazia hakuitaja, kwa sababu ingeharibu hadithi.

"Halas, imetosha," mzee alisema. Ruhusa ya Hashim ya kutoka nchini na kurudi ikafutwa siku hiyo hiyo. Abaki Jeddah mpaka jambo liishe, na kama ni mwizi, asafiri moja kwa moja asirudi tena. Ndege yake ilikuwa Alhamisi ya wiki iliyofuata. Harusi ilikuwa Ijumaa baada ya sala. Hashim alipoambiwa hakugomba. Aliuliza mara moja tu, "Nani kasema?" na Laban akajifanya anatafuta koleo kwenye boksi la vifaa.

Jumapili karavani ikavutwa hadi Riyadh kwa ajili ya safari ya tatu, Laban akikaa mbele na dereva. Huko ikaegeshwa ndani ya ua wa nyumba ya mzee, kuta ndefu, geti la chuma, ufunguo wa mlango mfukoni mwa Laban mwenyewe. Alizijaza betri kwa chaja ya gereji hadi zikafika juu, akaichomeka karavani ukutani. Jumatatu aliichomoa, akashinda humo akitengeneza taa na pampu ya maji kwa nguvu ya betri, na jioni akaichomeka tena. Jumanne asubuhi akapima. Kumi na mbili nukta nne.

Alikaa chini kwenye ngazi ya karavani. Hashim alikuwa mbali naye karibu kilomita elfu. Hakuna aliyeingia. Laban alijaribu kumshuku mpishi, akamshuku mtoto wa mzee, akamshuku hata muuzaji wa betri, lakini poda aliyokuwa ameinyunyiza usiku ilikuwa haina alama isipokuwa ya buti zake mwenyewe. Alizitazama zile alama kwa muda mrefu. 

Kisha, badala ya kupima betri zikiwa peke yake, akachomeka umeme na kuweka mita juu ya betri huku chaja ikifanya kazi. Kumi na mbili nukta nne. Haikusogea. Umeme ulikuwa unafika kwenye chaja, taa zilikuwa zinawaka, na betri hazipati kitu. Akainua mto wa kochi. Chini yake palikuwa na swichi kuu ya betri, yenye ufunguo mwekundu, na ufunguo ulikuwa umezimwa. Akaugeuza. Mita ikaruka hadi kumi na tatu nukta sita.

Alijua nani aliuzima. Kule Webuye lori liliwahi kuungua gereji usiku kwa sababu ya waya uliogusana, na bosi wake wa siku hizo akaweka sheria: gari lisilale na betri. Kila jioni, kitu cha mwisho, unatoa terminal, ule waya unaoshika kichwa cha betri. Laban aliifanya miaka kumi na tisa, mpaka mkono ukawa unafanya wenyewe bila kumuuliza. Kwenye karavani hakuhitaji kutoa terminal, aligeuza tu ule ufunguo, akafunga mlango, akaenda zake akiamini kwamba waya wa chaja unakwenda kwenye betri moja kwa moja. Ulikuwa unapitia kwenye swichi. Kila jioni alizikatia betri chakula, na asubuhi akaugeuza tena ufunguo, akachomoa umeme wa ukutani, akazitumia mchana kutwa kufanyia kazi.

Ilikuwa Jumanne bado. Angeweza kusema swichi imekufa, akanunua nyingine, na hakuna ambaye angejua. Alilifikiria hilo, tusimpake rangi ya utakatifu. Lakini Hashim angebaki mwizi.

Akaingia kwa mzee, akakuta anakunywa kahawa. "Baba, si Hashim," alisema. "Ni mimi. Kila jioni nilikuwa nazima betri kwa mkono wangu."

Abu Turki alimtazama, akaweka kikombe chini. Hakupiga kelele. Alichukua simu, akabonyeza muda mrefu kwenye programu ya ruhusa za wafanyakazi akinung'unika, kisha akasema, "Ruhusa yake imerudi. Alhamisi ataondoka. Mpigie wewe, si mimi. Yalla, haya."

Laban alisimama uani na simu mkononi, akitafuta pa kuanzia. Hashim alipopokea, alimwambia yote kwa mkupuo: ruhusa, swichi, ufunguo mwekundu, gereji ya Webuye. Akasema samahani. Hilo neno hakuwa na mazoea nalo.



"Ule ufunguo chini ya mto?" Hashim aliuliza. "Nilikuwa nikikuona, fundi. Kila jioni, kupitia dirishani, ukiugeuza. Nikajiuliza, mbona anazima kitu anachotaka kijae? Nikataka nikuulize."

"Sasa mbona hukuniuliza?"

"Nikuulize vipi, bwana? Kila nilipokukaribia ulikuwa unafunga boksi lako la vifaa."