Chumba cha Mama Mkwe Nyuma ya Nyumba

Macho ya mama mkwe yalipoanza kupoteza nuru, mke wangu alisema hatamwacha tena kijijini Runingu peke yake. Sikubisha. Nyumba yetu ya Rugenge ilikuwa imejaa watoto, lakini nyuma, kati ya jiko na ukuta wa jirani, palikuwa na nafasi tuliyoitumia kuanikia nguo. Nikasema tutajenga pale chumba kimoja na kibaraza chake.

Mimi ningeita fundi kesho yake, kama wanavyofanya wengi. Mke wangu alikataa.

"Hapana, papa wa watoto. Tuombe otorizasyo ya kujenga kwanza. Ulisahau ile nyumba ya pale chini? Walikuja na nyundo wakaivunja mpaka musingi."

Basi yeye akashika njia ya maofisi: kwanza kwa shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu, akapata barua ya kututambua, halafu urbanisme, kule wanakotoa ruhusa za kujenga. Mimi nilibaki sokoni na vitenge vyangu, kazi niliyoachiwa na baba, naye aliachiwa na babu.

Siku ya kwenda urbanisme alirudi na uso ambao sikuwa nimeuona kwa muda mrefu. Hata viatu hakuvua.

"Unajua nimemukuta nani kule? Mutoto wa kwetu! Tulisoma naye shule ya paroisi. Sasa yeye ndiye teknisie, ndiye anapima maparsele, viwanja vya watu."

Nikasema vizuri, Mungu ametusaidia. Lakini chakula cha jioni hakikuwa na ladha, na haikuwa kosa la chakula.

Siku ya kupima nilifunga duka mapema. Mtu huyo alifika na pikipiki, mrefu, shati limepigwa pasi, kalamu mfukoni. "Shemeji, habari ya kazi?" akanisalimu. Mwanamume anayekuita shemeji anaweza kuwa kaka ya mkeo, na anaweza kuwa mengine. Kisha akageuka kwa mke wangu, wakaanza Kirundi. Mimi najua Kirundi cha sokoni, cha kupunguziana bei na kugombana. Cha kucheka sikukijua. Nao walicheka sana. Mke wangu alikuwa ameshika ncha ya kamba ya kupimia, yule ameshika ncha ya pili, na nilipotazama kamba ile imenyooka kati yao, nikasema, "Lete, nishike minye mwenyewe."

Akatuambia plani yetu haifai. Chumba kimeusogelea mno ukuta wa jirani, na choo kiko karibu na dirisha. Tuchore upya, atarudi. Nikajisemea moyoni: ndiyo, ulitaka sababu ya kurudi. Alipoondoka nikaazima kamba kwa fundi mmoja wa mtaani, nikapima mwenyewe. Alikuwa amesema kweli. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Aliporudi, mama mkwe alikuwa amekwisha kufika, analala sebuleni kungoja chumba chake. Teknisie aliinama mbele yake, akampa mikono yote miwili. Mama mkwe akanyanyua vidole vyake, akampapasa uso: paji, mashavu, kidevu, polepole, akitabasamu. Tangu afike nyumbani kwangu hakuwa amenigusa uso hata mara moja. Halafu nikasikia neno moja katika maneno yao mengi: *umukwe*. Hilo halihitaji mkalimani.

Nilimngoja mgeni aondoke, nikamfuata mke wangu jikoni. Alikuwa anachambua lengalenga.

"Huyu muntu alikuposa?"

Hakusimamisha mikono. "Alituma wajomba wake, ndiyo. Zamani."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia ya nini? Nilimukatala."

"Kwa sababu gani?"

Hapo akaniangalia. "Nilikuwa nimekwisha kukuona weye. Watu wa kwetu walinicheka, walisema nimechagua Muislamu wa Uvira ambaye hata kukama ng'ombe hajui. Nikaacha kanisa nililobatiziwa, nikakufuata. Sasa unataka nini tena?"

"Mama yako amemwita mukwe wake."

Akaacha mboga, akacheka mpaka akashika kiuno. "Alikuwa anakusifu weye! Alimwambia, umukwe wangu ndiye ananijengea nyumba. Weye iko na wivu kama kijana."

Ningependa kusema yaliishia pale. Lakini wivu si homa, huwezi kumeza kidonge ukaamka umepona. Nilianza kukumbuka siku zetu za posa na kujiuliza ni siku gani kati ya hizo alikuwa bado anapima mizani.

Kuchukua karatasi ya ruhusa nilikwenda mwenyewe. Nilijua yule teknisie atanizungusha: njoo kesho, mkubwa hayuko. Nilikuwa nimekwisha kutayarisha maneno makali njiani. Aliponiona alisimama, akanitolea kiti.

"Dosie yako imeisha, shemeji. Ilikuwa inangojea sinyatire ya mukubwa tu, asubuhi ametia sahihi. Macho ya mama inaendelea namna gani?"

Nilitamani aniombe kitu kisicho halali, nipate kumchukia kwa haki. Hakuomba kitu. Nilitoka na karatasi yangu mkononi na maneno yangu makali tumboni.

Tulijenga. Mabati yalipopanda, alikuja kukagua, akashauri mlango uangalie milimani, ili upepo wa ziwa usimpige mama mkwe usoni kila alasiri. Fundi akakubali, mke wangu akakubali, nami nikakubali kwa kichwa tu. Mama mkwe akahamia na godoro lake, rozari yake na kuku wawili ambao hawakuwa katika plani.

Sasa kila Jumapili, misa ikiisha, teknisie anapitia kumwamkia. Mara anakuja na mkewe, mara peke yake. Anakaa kwenye kibaraza nilichokijenga kwa jasho langu, anakunywa chai yangu. Mwanzoni nilijifanya nina kazi ndani, nikawachungulia dirishani. Siku hizi nabeba kigoda changu na kwenda kukaa nao. Mke wangu ananitafsiria: ugonjwa wa mihogo, nani amezikwa Luvungi, padri mpya anayehubiri mpaka watu wanasinzia.

Jumapili iliyopita mama mkwe alisema jambo refu, na wote watatu wakaangua kicheko.

"Amesema nini?" nikauliza.

Mke wangu alifuta machozi. "Hii haitafsiriki, papa wa watoto."

Nikacheka nami, nimechelewa kidogo. Na mgeni aliposimama kuaga, mke wangu akitafuta kandambili zake ili amsindikize, nilimwambia mke wangu akae na mama yake. Mgeni nilimsindikiza mwenyewe mpaka kwenye pikipiki.