Kelele Niliyopiga Ukweni

Aibu hii nawasimulia mwenyewe kwa sababu watu wa mtaa wa Bombambili wanaijua tayari, na wao wanaitia chumvi.

Tulikwenda kujitambulisha kwa kina Agatha, mimi na mjomba Kasiani, mshenga wangu, na njia nzima alinirudia jambo moja: "Mpwa wangu, kazi ya kusema ni yangu. Wewe toa shikamoo, kaa, nyamaza." Nikanyamaza kweli (ingawa kichwani nilikuwa najiuliza kama soksi zinanuka, kama kumaliza soda yote ni ulafi), mpaka watoto wa pale walipowasha anime, zile katuni za Kijapani, kwenye televisheni, na baba yake Agatha akauliza, bila kumtazama mtu, kwa nini hawa wa kwenye katuni wanapenda kupigana namna hii, na kwa nini mtu apige kelele zote hizo kabla hajarusha ngumi.

Lilikuwa swali la kupitisha muda tu. Mimi nikaona ni mtihani, nikikaa kimya atasema bintiye anaolewa na bubu mwenye digrii, nikajibu. Nikaeleza kwamba uso wa kuchorwa hauna mishipa ya kutetemeka kama wetu, kwa hiyo hasira, wivu na mapenzi lazima vitokee kwenye mikono, ndiyo maana ngumi moja inabomoa mlima. Na kelele ni kwa sababu yaliyo moyoni hayasemeki kwa sauti ya kawaida. Mjomba akanikanyaga mguu. Nikadhani anataka nifafanue, nikasimama, nikatanua miguu, nikakunja ngumi, nikaipiga kelele yenyewe.

Niliipiga yote. Mama wa jirani akaingia na mwiko wenye ugali, nyuma yake vijana wawili wa bodaboda, wakiuliza nani anapigwa.

Walipotoka, mzee akanitazama kwa mara ya kwanza. "Sasa kijana, na kuhusu Agatha, moyoni mwako mna nini?"

Jibu nilikuwa nalo, nimeliandaa siku nyingi. Sauti ndiyo haikuwepo, imekwenda na ile kelele. Nikakohoa, nikajaribu tena, nikakwaruza kama mlango mkavu. Agatha, aliyekuwa amesimama na sinia, akarudi jikoni.

"Mshenga," mzee akasema, "siku nyingine uje peke yako."

Mjomba anasema hayo ni maneno ya mtu anayeelekea kukubali; mimi nimeyageuza pande zote na bado sijui. Anakwenda Jumapili baada ya misa. Anime naangalia bado, ila mtu akiniuliza kwa nini wanapigana sana, nasema sijui. Na lile jibu nilimpa Agatha mwenyewe sauti iliporudi, taratibu, tumesimama nje ya duka pale Mfaranyaki. Kumbe linasemeka.